Vumbi la Ilamata

Ilamata, 4 Machi 2023

Kaka yangu Jilala,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, wewe na wifi Suzana na Salome wetu. Huku kwangu Donatus bado anafundisha na bado anagombana na chaki. Philomena ameingia kidato cha pili, amekuwa mrefu kunizidi. Mayu mama yetu nilimwona kijijini Didia wiki mbili zilizopita. Mpunga umeshika, ng'ombe mmoja amezaa, na miwani niliyompelekea hataki kuivaa. Anasema inamwonyesha uchafu ambao alikuwa ameshausamehe.

Nimerudi kwenye barua kama enzi zangu za bweni kwa sababu simu yako haipatikani tangu Krismasi. Nikipiga ya wifi, naambiwa umetoka sasa hivi, uko mwaloni kwenye mitumbwi, uko kwa jirani. Bahasha hii nimempa konda wa basi la Nkome, ameahidi kukukabidhi mkononi.

Nina jambo. Meya wetu alifariki mwezi wa kwanza, moyo ulisimama akiwa mezani na familia yake. Alikuwa ndiye diwani wa kata yetu, kwa hiyo kiti cha kata kiko wazi. Nimechukua fomu.

Usiitupe barua kwanza. Mwaka jana alikuja kliniki mama mmoja, Mwanaima, mtu wa Kondoa, aliyekuwa akigonga mawe kule nyuma ya karasha za kusaga mawe pale stendi, mtoto akiwa mgongoni. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alishatibiwa kifua kikuu mara mbili, na hakuwa na kifua kikuu. Mapafu yalikuwa yamejaa vumbi la mawe, na vumbi hilo hakuna dawa ya kulitoa. Alifariki Novemba. Mtoto wake sasa analelewa na mgonga mawe mwenzake, kwenye kibanda kile kile, pembeni ya mashine zile zile.

Nimeandika taarifa kwenda manispaa hadi nimechoka. Mwisho nikaenda mwenyewe. Ofisa mmoja akanisikiliza kwa upole, akaniambia, "Daktari, karasha kukaa mjini au kutoka mjini ni uamuzi wa madiwani. Sisi tunatekeleza tu." Nikatoka, nikakaa kwenye gari bila kuliwasha. Basi, kama ni la madiwani, nitakuwa diwani.

Wewe umefanya kazi kwenye karasha miaka kumi na moja, unazijua kuliko mimi. Na kwa kuwa baba hayupo, baraka naiomba kwako.

Mdogo wako,
Asteria


Nkome, Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Mama Philomena, mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Dagaa ni wachache, mbalamwezi imekuwa kali na wao wanapenda giza. Hao wachache Suzana anawaanika, mvua inakuja kumrudisha nyuma. Salome amejua kusoma. Anatusomea kila kitu, hata mifuko ya saruji ya jirani.

Simu iliangukia ziwani. Nitanunua nyingine.

Hilo lako sikulipenda. Daktari akipita mtaani watu wanamsogelea. Diwani akipita, kila mtu anakumbuka ana shughuli ndani. Umesoma miaka yote ile ili uje ubishane kuhusu mitaro? Na utakayebishana naye ni Lubinza. Ndiye naibu meya, na karasha nne za pale stendi ni zake. Mimi ndiye niliyekuwa nazifungua asubuhi na kuzifunga jioni. Hana sura mbaya. Msibani anakuja mapema, analeta mchele. Ila sijawahi kumwona akiachia kitu alichokishika.

Niliacha kazi kwa sababu nilichoka, na Nkome kuna upepo. Hilo linatosha.

Kwa hiyo sijakubali. Lakini nakujua, fomu ukishaichukua umeichukua. Basi usianzie kwa wenye magari. Anzia kwa wanawake wanaogonga mawe. Nenda saa ya chai, nunua maandazi, kaa nao chini. Hakuna mgombea amewahi kukaa chini pale. Kunachafua.

Nakuletea kiroba cha dagaa. Waanike tena jua la nusu siku kabla ya kuwaweka.

Ni mimi kaka yako,
Jilala


Ilamata, 22 Julai 2023

Kaka Jilala,

Shikamoo. Dagaa tuliwapokea, wabeja, asante sana, Philomena aliwala na ugali siku tatu mfululizo bila kulalamika. Mayu anakusalimu na anauliza kwa nini hukuja kumzika shangazi Paskazia. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema, "Kazi gani isiyojua msiba?"

Nimeshinda kata.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilikaa chini, na sketi yangu ile ya bluu haikutakata tena. Siku za kwanza waligonga mawe yao kana kwamba sipo. Kisha mmoja akasimamisha nyundo. "Wewe daktari, ukipata hicho kiti si utatufukuza hapa?" Nikamwambia nataka kuhamisha mashine, wao siwafukuzi. Akacheka, akaendelea kugonga. Nadhani hakuniamini. Lakini siku ya kura waliingia kituoni wote kwa pamoja, vitenge vimepauka kwa vumbi, wakapanga mstari.

Jumapili iliyofuata nilitoka misa nikamkuta Mheshimiwa Lubinza sebuleni, Donatus ameshampa chai.

"Hongera, daktari. Napenda watu waliosoma," akasema. "Mwezi wa tisa tunachagua meya. Nitakuwa mimi, hilo tumeshaongea. Nataka wewe uwe naibu wangu."

"Na karasha?"

"Karasha ndiyo tumbo la mji huu. Tutaunda kamati, wewe uwe mwenyekiti."

"Kamati itamaliza lini?"

Akacheka vizuri kabisa. "Daktari, unajua kamati."

Nikamwambia ninamshukuru kwa heshima hiyo, ila umeya nitaugombea mwenyewe. Aliweka kikombe chini taratibu. Alipofika mlangoni akageuka. "Kaka yako anaendeleaje na kile kifua chake?"

Kaka, kifua gani?

Watu wakikuambia tunaishi kwa masista siku hizi, usishtuke. Nyumba inapakwa rangi.

Asteria


Nkome, 30 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Suzana mzima. Salome ameng'oka jino. Upepo wa mwezi huu umekuwa mbaya, mitumbwi miwili ilirudi bila nyavu, ila watu wote wako salama.

Lubinza akikosa jibu hushika chochote kilicho karibu. Nilikuwa na mafua. Yameisha.

Sasa hiyo rangi. Konda ameniambia nyumba yako ilipakwa kwa mawe, dirisha la sebuleni na la chumba cha watoto, na Donatus alishonwa mkono. Unamwandikia kaka yako rangi! Nilikasirika mpaka Suzana akanitoa nje nikakae kwenye upepo.

Mwezi wa nne niliandika kwamba sijakubali. Futa hilo. Gombea. Usiwe naibu wa mtu. Asingekuwa na wasiwasi asingetuma mawe, na kama ana wasiwasi, basi zipo kura anazoziona wewe huzioni.

Nenda kwa Mama Zipora, diwani wa kule Mlimani. Najua yuko kambi ya Lubinza. Usimweleze sheria wala mapafu. Kaka zake wawili walifanya kazi kwenye karasha yangu. Muulize wako wapi. Kisha nyamaza.

Mpe Donatus pole. Mwambie mkono wa kushoto nao unashika chaki.

Jilala


Ilamata, 18 Septemba 2023

Kaka Jilala,

Shikamoo. Mkono wa Donatus umepona, nyuzi nilizitoa mwenyewe. Tumerudi nyumbani, vioo ni vipya. Philomena alikataa kulala upande wa dirisha kwa siku chache, sasa amerudi. Mayu ameanza kujisifu sokoni Didia mpaka nimemwomba apunguze.

Anajisifu kwa sababu mimi ni Meya wa Ilamata.

Kura yenyewe ni ile ya ndani, madiwani wa chama wanapochagua nani asimamishwe. Ya ukumbini ilikuwa ya kuthibitisha tu. Kabla ya hapo nilikwenda kwa Mama Zipora. Nikamuuliza kaka zake wako wapi, kisha nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko upasuaji. Aliinuka, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na chai ambayo sikuiomba.

"Wa kwanza alikufa nikasema ni Mungu," akasema. "Wa pili alipoanza kukohoa vile vile, sikusema kitu. Lubinza alileta mchele misiba yote miwili. Mimi nikapokea."

Hakuniahidi chochote. Siku ya kura aliingia na wenzake watatu, akakaa upande wangu bila kunitazama. Lubinza alihesabu kwa macho kabla hata karatasi hazijafunguliwa.

Siku ya kuapa nilivaa joho la marehemu meya. Alikuwa mrefu sana, nikalikanyaga ngazini na nusura nianguke mbele ya mkuu wa wilaya. Kliniki sijaiacha, naingia Jumanne na Alhamisi. Wagonjwa wameanza kuniita Mheshimiwa, nawaambia humu ndani hakuna huyo mtu.

Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba nina mkutano wa hadhara uwanja wa mpira. Nataka kuwaeleza wafanyakazi wenyewe kwamba karasha zinahamia Mwasenge, nje ya mji, na huko mawe yatasagwa kwa maji.

Sasa tuambizane ukweli. Mimi sikukuambia habari za vioo kwa sababu uko mbali na ungeumia bure. Nilikosea, na sitarudia. Wewe nawe, simu yako haikuangukia ziwani. Nilimpigia wifi siku ya kuapishwa. Nyuma yake palikuwa na mtu anakohoa, anatafuta hewa, anakohoa tena. Nimesikiliza vifua miaka kumi na tisa, Kaka. Hupokei simu kwa sababu unajua nitasikia. Hukuja kumzika shangazi kwa sababu kutoka barabarani mpaka makaburini ni mlima.

Njoo upigwe picha ya kifua. Nakuomba kama mdogo wako.

Asteria


Nkome, 29 Oktoba 2023

Mheshimiwa Meya, mdogo wangu,

Marahaba. Nilirudi Nkome salama. Suzana amenigombeza, mayu amenitumia matusi kupitia Suzana, na wewe najua unajiandaa. Acha kwanza nieleze.

Sikuja kukusaidia. Nilikuja kuona. Nilishuka stendi, nikakodi bodaboda mpaka uwanjani, nikakaa nyuma kwa wauza miwa na kofia nimeishusha. Nikakuona jukwaani unasoma karatasi. Unasoma vizuri, ila hakuna aliyekuwa anasikiliza. Vijana wa Lubinza walikuwa mbele wanapiga madumu. "Meya, tutakula nini? Meya, tutakula nini?" Hao wamelipwa, sawa. Lakini waliokuwa nyuma yao hawakulipwa na mtu, na walikuwa wanaogopa kweli. Wengi wao nawajua baba zao.

Nikainuka. Kutoka kwa wauza miwa mpaka jukwaani si mbali, mtoto angekimbia. Mimi nilipumzika njiani mara mbili. Niliposimama mara ya pili ukanitambua, nikaona karatasi imeshuka.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Mimi ni Jilala. Wazee wa karasha wananijua. Sina pumzi ya kushindana na madumu. Mkitaka kunisikia, nyamazeni."

Hawakunyamaza. Kisha wa mbele wakaona mabega yangu yanavyopanda nikitafuta hewa, wakawageukia wa nyuma. Kelele zikapungua hivyo, mstari kwa mstari.

Nikauliza, "Karasha ya kwanza pale stendi tulianza watu watano. Ndaki yuko wapi?"

Mzee mmoja akajibu, "Amekufa."

"Masele?"

"Amekufa."

"Na Charles, aliyekuwa anaimba?"

Mdogo wake alikuwepo pale pale, ameshika dumu. Akaliweka chini. Wa nne alikuwa kaka wa Mama Zipora, naye alikuwa jukwaani nyuma yako, sikutaka kumtaja. Halafu nilikuwa nimebaki mimi.

Nikageuka kwako. Haya ulisikia, ila nayaandika ili uyapate mahali ambapo pumzi haikatiki. Hawa wanalipwa kwa siku. Ukihamisha mashine kabla maji hayajafika Mwasenge, watasaga kavu, vumbi lile lile, tofauti ni kwamba wewe hutaliona. Na nani atawapeleka huko asubuhi? Weka maji. Weka gari. Ndipo uhamishe. Walipiga makofi, na sijui kama walinipigia mimi au walikupinga wewe.

Lubinza alinipa mkono pale kwenye viti vya wageni. "Jilala, ungeniambia unaumwa," akasema. Nikamwambia, "Mzee, nilikuwa nakohoa ofisini kwako kila siku." Nikapita.

Niliondoka kwa sababu ulikuwa unashuka jukwaani kunifuata na machozi yameshafika. Sikutaka Lubinza ayaone.

Kukuficha hakukuwa aibu ya kuumwa. Kila mtu wa Ilamata mwenye kifua ni mgonjwa wako. Nilitaka ubaki na mtu mmoja ambaye si mgonjwa wako.

Jilala


Ilamata, 20 Novemba 2023

Kaka Jilala,

Shikamoo. Donatus na Philomena wanakusalimu. Nilikuwa nimeandika barua nyingine ya kukugombeza, Donatus akaisoma akaniambia niilalie kwanza kabla ya kuituma. Nimeilalia wiki mbili. Hii ndiyo iliyobaki.

Ulikuwa sahihi. Nilikuwa na haraka kwa sababu nilimwona Mwanaima kila nilipofumba macho, na haraka yangu ingewapeleka wengine kusaga kavu nyuma ya kilima. Mtaalamu wetu wa maji aliponiambia pampu itachukua miezi, mimi nilikuwa nimemwambia tuhame kwanza. Ni kosa ambalo nisingelifanya wodini, kumhamisha mgonjwa kabla kitanda hakijaandaliwa.

Baraza limepitisha sheria ndogo. Karasha zinatoka mjini mwisho wa Februari, maji na gari vikiwa tayari, na si kabla ya hapo. Kamati ya usimamizi ina wanawake wawili wanaogonga mawe. Mmoja ni yule aliyenicheka. Kikao cha kwanza alimuuliza mhandisi swali moja kuhusu mahali maji machafu yatakapokwenda, mhandisi akaomba muda. Swali hilo nalo mimi sikuwa nimelifikiria, na bado hatuna jibu lake kamili.

Lubinza alipiga kura ya kukataa. Kesho yake asubuhi alikuwa mtu wa kwanza kuomba kiwanja Mwasenge. Mashine yake moja imeshafungwa kule kwa majaribio, inasaga kwa maji yanayoletwa na gari mpaka pampu ikamilike. Kuna wanaoniambia nimnyime. Nimempa, kwa masharti ya wote. Ninataka mashine zake ziwe pale ninapoweza kuzikagua.

Kuna wanaonichukia. Wenye vibanda vya chakula karibu na stendi wanasema nimewaua, na kwa sehemu ni kweli, wateja wao wanahama. Hilo nalibeba, nalitafutia njia. Sitarudisha mashine.

Sasa wewe. Sitakudanganya, hujawahi kunilea kwa uongo. Vumbi lililoingia halitatoka. Lakini kifua kikuu hupenda kujificha ndani ya mapafu ya namna yako, na chenyewe kinatibika. Zipo dawa za kufungua njia ya hewa. Ipo mashine ya oksijeni ya kuweka nyumbani, ikakusaidia kulala. Huenda ukapata miaka ambayo sasa unaitupa bure hapo upeponi.

Umesema unataka nibaki na mtu mmoja ambaye si mgonjwa wangu. Nimekubali. Utakuwa mgonjwa wa mwenzangu, Daktari Kudra, ambaye hanijui vizuri wala haniogopi. Yeye atakusikiliza kifua. Mimi nitakaa nje kwenye benchi na wifi, nikisubiri kuitwa kama ndugu wengine.

Asteria


Nkome, 3 Desemba 2023

Mdogo wangu Asteria,

Marahaba. Dagaa wamerudi, mwaloni kumejaa mpaka watu wanakanyagana, na Suzana ananidai sababu ya kumtoa hapa msimu umechanganya. Nimempa. Nilimwambia kila kitu, na yale aliyokuwa anayajua nayo. Mayu nimemwandikia pia. Amejibu kwamba anakuja huko na kuku, na kwamba mgonjwa asiyekula kuku wake asimwite mama.

Nimekubali sharti la benchi. Wewe na Suzana mkae nje. Ukiingia kabla hujaitwa, navaa shati naondoka.

Tunasafiri Jumatatu ya tarehe kumi na moja, sote watatu. Naogopa kidogo. Naandika hivyo mara moja tu.

Usije stendi na gari la manispaa. Njoo na lako, na kabla ya hospitali unipitishe Mwasenge. Nimefanya kazi miaka kumi na moja bila kumwona sawasawa mtu aliyesimama upande wa pili wa mashine, nilikuwa nawatambua kwa kukohoa. Nataka kusimama pale dakika chache, hata nikiwa nimekushikilia bega, nimwone kijana anasaga jiwe na sura yake inaonekana.

Kisha tutakwenda kwa huyo Kudra.

Jilala